Akyumuleta ya kibofu kwenye mashine ya kubana mabelo ya katani: uzoefu wangu

Natoa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyokosekana nitaieleza mbele. Kifaa chenyewe ni akyumuleta ya haidroliki ya lita 20, yaani mtungi wa kuweka akiba ya mafuta yenye presha, ile yenye kibofu cha mpira ndani, tuliyoifunga kwenye mashine ya kubana mabelo ya katani huku Korogwe. Mimi ndiye fundi wa mashine hiyo. Naandika kwa ajili ya mafundi na mameneja wenye mashine inayotakiwa kushika presha kwa dakika kadhaa bila kuachia, maana kwenye kazi ya namna hiyo ndipo kifaa hiki kinaporudisha pesa yake.

Katani ikishatoka korona (mashine ya kutenganisha nyuzi na majani), ikaanikwa, ikapigwa brashi na kupangwa madaraja, inaletwa kwetu ibanwe iwe belo la kilo 250. Kubana kwenyewe hakuchukui muda. Kinachochukua muda ni kufunga: watu wanapitisha kamba, wanavuta, wanakaza mafundo, na muda wote huo bamba la kubania halitakiwi kurudi juu hata kidogo. Nyuzi zilizobanwa hazitulii. Zinasukuma.

Kabla ya akyumuleta kulikuwa na njia mbili, na zote zilinichosha. Ya kwanza ni kuiacha pampu isukume mfululizo, mafuta yakirudi kwenye tangi kupitia valvu ya usalama. Pampu yetu inatoa lita 20 kwa dakika. Kwa presha ya bar 180 (bar ni kipimo cha presha) hiyo ni sawa na kilowati 6 zinazogeuka joto tupu ndani ya mafuta huku jeki, ile inayolisukuma bamba, imesimama pale pale. Mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi, yanavuja zaidi kwenye sili (vizuizi vya kuziba mafuta yasivuje), na sili zenyewe zinachakaa mapema. Njia ya pili ni kufunga valvu na kuipumzisha pampu, mafuta yabaki yamefungiwa ndani ya jeki. Tatizo ni kwamba mafuta karibu hayabanwi: ukiyaongezea bar 100, ujazo wake unapungua kwa chini ya asilimia 1. Kwa hiyo hayana akiba ya kutoa pale yanapopungua. Yakipenya kidogo tu kwenye sili, presha inashuka, katani inalisukuma bamba juu, na belo linafungwa likiwa limelegea. Belo lililolegea linakula nafasi kwenye kontena na mnunuzi analiona kwa macho.

Gesi, tofauti na mafuta, inabanika. Akyumuleta ni mtungi mnene wa chuma cha kufuliwa, na ndani yake kuna kibofu cha mpira wa nitraili kilichojazwa nitrojeni. Valvu ya gesi iko juu. Chini kuna tundu la mafuta lenye valvu ya springi. Kibofu kikivimba hadi chini kinaikandamiza valvu hiyo ijifunge, ili mpira usichomoke na kukatika kwenye tundu. Pampu ikileta mafuta kwa presha inayozidi ya gesi, mafuta yanaingia, kibofu kinasinyaa, gesi inabanwa hadi pande zote mbili zilingane. Presha ya mfumo inapotaka kushuka, gesi inatanuka na kuyasukuma mafuta kwenye jeki papo hapo, bila kusubiri pampu wala umeme.

Sasa tuingie kwenye hesabu, kwa sababu wengi huuziwa bila kuelezwa. Akyumuleta ya lita 20 haikupi lita 20 za mafuta. Kwetu swichi ya presha inaiondolea pampu mzigo ikifika bar 180, na kuirudisha kazini ikishuka bar 160. Gesi tumeipanga iwe bar 144, yaani asilimia 90 ya ile presha ya chini. Kwa kanuni ya Boyle, presha mara ujazo haibadiliki kama joto halibadiliki: kwenye bar 160 gesi inachukua lita 18, kwenye bar 180 inabanwa hadi lita 16. Tofauti ni lita 2, na hizo ndizo mafuta yangu ya akiba. Zinaonekana chache, lakini fikiria: mashine ikivujisha robo lita kwa dakika, ambayo tayari ni mbaya, bado nina dakika 8 kabla pampu haijaitwa tena. Wafungaji wetu wanamaliza kabla ya hapo. Kwa mwenye kazi ya haraka hesabu inabadilika. Mafuta yakitolewa kwa mkupuo wa sekunde moja mbili, gesi inapoa inapotanuka na presha yake inaanguka upesi zaidi. Kwenye mipaka hiyo hiyo ya 180 na 160 utapata karibu lita 1.4 tu. Muuzaji asiyekuuliza mafuta yatatoka kwa kasi gani hajui anachokuuzia.

Mabadiliko tuliyaona kwanza kwenye tangi. Ukiligusa mchana, mkono unakaa. Pampu inazunguka bila mzigo wakati wa kufunga, na kelele zimepungua kiasi kwamba wafungaji wanasikilizana bila kupaza sauti. Bomba lililokuwa likiruka kila valvu inapobadilika limetulia, kwa sababu wimbi la presha linakutana na kibofu na kufia hapo. Halafu kuna suala la umeme. Ukikatika belo likiwa limefungwa nusu, zamani ilikuwa ni mbio. Siku hizi watu wanaendelea kukaza kamba na belo limebaki palepale. Hilo linahitaji valvu ya kuzuia mafuta yasirudi, kati ya pampu na akyumuleta. Bila hiyo, akiba yote itarudi nyuma kwenye pampu na kuizungusha kinyume.

Nyota iliyokosekana ni ya gesi. Si kwamba kifaa ni kibovu. Ni kwamba huduma yake inadai vitu ambavyo mashambani havipatikani kirahisi, na wauzaji hawavisemi.

Joto ni la kwanza. Maelekezo mengi ya kiwandani yanataja presha ya gesi kwa nyuzi 20. Huku asubuhi tunaanza na 25, na mashine ikichapa kazi gesi inaweza kufika 55. Gesi ikipata joto ndani ya mtungi ule ule, presha yake inapanda. Ukijaza bar 144 asubuhi kwa nyuzi 25, mchana itakuwa karibu bar 159, yaani imeikaribia kabisa presha yetu ya chini, na kibofu kitakuwa kinajigongagonga kwenye valvu ya chini kila mzunguko. Kwa hiyo sisi tunajaza bar 130 asubuhi, na ikipata joto inasimama kwenye 144 tuliyoitaka. Kila mwenye mashine afanye hesabu hii kwa joto la kwake. Inafanyika kwa nyuzi za Kelvini, si za Selsiasi: ongeza 273 kabla ya kugawanya.

La pili ni nitrojeni yenyewe. Mtungi wa kawaida wa lita 50 uliojazwa bar 150 unaonekana unatosha, lakini hautoshi. Ukiunganisha na akyumuleta tupu ya lita 20, gesi inajigawa na kusimama kwenye bar 107 hivi. Unahitaji mtungi wa pili uliojaa ili ufike 130. Ukipata mtungi wa bar 200, mmoja unatosha, ila kwa mara hiyo moja. Mjini mafundi wa majokofu huwa wanajua nitrojeni inapatikana wapi, anzia kwao. Nunua pia kifaa cha kujazia chenye geji yake na valvu ya kupunguza presha, siku ile ile unayonunua akyumuleta, pamoja na kibofu cha akiba cha saizi hiyo hiyo. Kibofu hakitoi taarifa ndefu kabla ya kupasuka, na kukisubiri kutoka nje ya nchi ni kusimamisha mashine.

Na hapa naomba nisikilizwe vizuri: ni nitrojeni tu. Kwenye karakana kuna mitungi ya oksijeni ya kuchomelea, imesimama pale pale ukutani, na kijana mwenye haraka anaweza kuona gesi ni gesi. Oksijeni ikikutana na mafuta kwa presha kubwa inalipuka. Hewa ya kompresa pia hapana, kwa sababu ina oksijeni ndani yake. Kibofu kipya kimwagiwe mafuta safi kidogo ndani ya mtungi ili kiteleze, kisha gesi iingizwe polepole sana mwanzoni. Ukifungua kwa nguvu, mpira unashuka kabla haujakunjuka na unanaswa chini.

Usalama wenyewe unastahili namba. Zile lita 2 zikiwa kati ya bar 180 na 160 zimebeba nishati ya kilojuli 34 hivi. Nishati hiyo inatosha kuliinua belo la kilo 250 karibu mita 14. Pampu imezimwa, swichi kuu imepigwa kufuli, na bado nishati hiyo imo. Kwa hiyo kwetu hakuna nati inayolegezwa kabla valvu ya kumwagia haijafunguliwa na geji kusoma sifuri. Hakuna kuchomelea chochote kwenye ganda la mtungi, hata kishikio kidogo. Unafungwa kwa mikanda ya chuma, wima, valvu ya gesi ikiwa juu. Ni chombo cha presha, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wakija watakiuliza, basi weka karatasi zake mahali zinapoonekana.

Kitu ambacho sikukitarajia, na ambacho sasa nakithamini kuliko vyote, ni kwamba akyumuleta imekuwa kipimo changu cha afya ya mashine nzima. Nasikiliza pampu inarudi kazini baada ya muda gani. Muda ukianza kufupika, kuna mambo mawili: ama sili zinavujisha, ama gesi imepungua. Kuyatenganisha ni rahisi. Simamisha pampu, fungua valvu ya kumwagia kidogo tu, ukae na geji. Sindano itashuka taratibu, taratibu, halafu itafika mahali ianguke ghafla hadi sifuri. Pale ilipoangukia ndipo presha ya gesi ilipo, kwa joto la wakati huo. Ikiwa ni ile uliyoipanga, kavue jeki uangalie sili. Ikiwa iko chini sana, gesi imekwenda. Na ukibonyeza valvu ya gesi kidogo yakatoka mafuta, kibofu kimepasuka, usipoteze nitrojeni kukijaza.

Nani asinunue? Mwenye mashine ya tofali inayobana na kuachia papo hapo haihitaji kwa kushika presha. Hana cha kushikilia. Mwenye jeki inayovuja sana atengeneze jeki kwanza, maana lita 2 zitaisha kabla fundo la kwanza halijakazwa. Na kama pampu yako ni ile ya kisasa inayopunguza mafuta yenyewe presha ikifika, tatizo la joto umeshalimaliza kwa sehemu kubwa. Hapo jiulize swali moja: umeme ukikatika kazi ikiwa katikati, mzigo unaachwa uachie, au lazima ushikwe? Kwetu lazima ushikwe, na ndiyo maana hata tukibadilisha pampu, mtungi huu nitauacha mahali pake.