Kozi za mtandaoni kwa anayetaka kusomea udaktari: ipi usome bure, ipi ulipie, ipi uiache

Kila mwezi wa saba, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu huita kutoka Tukuyu, Vwawa, Mafinga na Makambako. Anayepiga ni mzazi au kijana mwenyewe, na swali halibadiliki: "Mwalimu, alama ni ndogo. Akisoma kozi za mtandaoni akapata vyeti, watamchukua udaktari?" Nafundisha tuisheni ya Kemia na Baiolojia hapa Mbeya mjini, na swali hilo huniuma kwa sababu watu wengi hulipa kwanza ndipo wanauliza.

Binti mmoja wa Rungwe alinijia na faili la plastiki lenye vyeti kumi na kimoja. Anatomia, lishe, afya ya akili, magonjwa ya mlipuko, vyote vimechapwa kwa rangi steshenari. Mama yake alikuwa ameuza magunia ya viazi kulipia baadhi ya vyeti hivyo. Kwenye matokeo, Kemia yake ilikuwa E. Aliomba vyuo vitatu, na hakuna kilichouliza hata cheti kimoja. Hakuwa mvivu. Miezi minane alisoma usiku kwa usiku, ila hakupata mtu wa kumwambia mapema juhudi ile aielekeze wapi. Mwongozo huu nauandika nikimfikiria yeye.

Cheti kinaingia wapi kwenye maombi

Kwa vyuo vya hapa nchini, hakiingii popote. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa kitabu cha mwongozo kila mwaka, na kwenye mstari wa MD, yaani shahada ya udaktari, kinachotajwa ni prinsipo (ufaulu wa ngazi kuu) tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia, pamoja na jumla ya pointi. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Tangu 2017 mwombaji anatuma maombi moja kwa moja chuoni, si kupitia TCU kama zamani. Kiwango cha chini kinakupa ruhusa ya kupanga foleni tu. Muhimbili, Bugando, KCMC, UDOM, au hapa kwetu kwenye Chuo cha Sayansi za Afya Mbeya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nafasi ni chache na wenye alama kubwa wanazimaliza.

Njia ya pili, ambayo vijana wengi wa Nyanda za Juu Kusini wanaipitia, ni Stashahada ya Utabibu. Ili uingie MD kwa stashahada hiyo, kinachotakiwa ni uwe umeimaliza kwa wastani wa B au GPA (wastani wa alama za chuoni) isiyopungua 3.0, pamoja na angalau D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Soma toleo la mwaka unaoomba wewe, maana vigezo hurekebishwa.

Kwa hiyo kozi hizi nimezipanga kwa kipimo kimoja: je, itakuongezea pointi au GPA? Baada ya hapo ndipo naangalia bei, na kama inasomeka kwa simu na bando la kawaida.

Nafasi ya kwanza: vya bure vinavyopandisha alama

Hapa sitaji kampuni yoyote. Nenda kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, utafute taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Kila somo lina yake, na kila swali limeelezwa: wangapi walifaulu, wangapi walianguka, walikosea wapi. Kuna hata picha za majibu mazuri na mabaya kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Hii ni sauti ya mtahini akikueleza anataka nini, na ni bure. Nashangaa kila mwaka kuona vijana wana pasti pepa za miaka kumi lakini taarifa hizi hawajawahi kuzifungua. Chukua za miaka mitano ya Kemia, jibu swali kwanza bila kuchungulia, kisha soma kilichowaangusha wenzako.

Vitabu vya kiada viko kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TIE), navyo havilipiwi.

Kwa maelezo ya video, chaguo langu ni Khan Academy. Ni shirika lisilo la biashara, hakuna ada, na masomo ni marefu ya kutosha kwa ngazi ya kidato cha tano na sita. Kemia ya kaboni, usawazo wa kikemia, urithi wa Mendel, umeme: kijana aliyeshindwa kuelewa darasani anaweza kurudia video ile ile mara sita bila kuona aibu. Lugha ni Kiingereza, lakini na mtihani ni wa Kiingereza, kwa hiyo hapo unapata faida mbili.

Ila ujue haifuati muhtasari wetu. Kemia ya udongo, ambayo NECTA wameitahini miaka na miaka, hutaikuta kule. Wala Fizikia ya mazingira, na uainishaji wa viumbe huguswa juu juu. Mada hizo zisome kwenye vitabu vya TIE. Na kwenye kemia ya udongo mtoto wa mkulima wa Mbozi au Ileje ana mahali pa kuanzia, kama amewahi kuona chokaa ikimwagwa shambani kupunguza tindikali. Alichofanya baba yake ndicho kinachoulizwa kwenye pepa, kimeandikwa kwa milinganyo tu.

Kuhusu bando: video za Khan Academy ni mwandiko kwenye ubao mweusi, kwa hiyo hata ukishusha ubora hadi 240 zinasomeka vizuri. Pakua ukiwa mjini au usiku, tazama nyumbani. Kwa shule kuna programu ya bure inayoitwa Kolibri, ambayo inabeba masomo ya Khan Academy na mengine ndani ya kompyuta moja, halafu simu na kompyuta nyingine zinaunganishwa nayo bila intaneti. Mkuu wa shule ya milimani ambako mtandao hukatika mvua ikinyesha angeshukuru sana kuambiwa habari hii. Mwambieni.

Nafasi ya pili: maabara, ingawa haiko mtandaoni

Mtaniwia radhi kuiweka kwenye orodha ya kozi za mtandaoni, lakini kama una laki moja tu, ipeleke hapa. Fizikia, Kemia na Baiolojia zote zina pepa namba tatu, yaani vitendo. Hakuna video itakayokufundisha kusoma biureti, ule mrija wa kupimia kimiminika, kwa jicho lililo usawa wa kimiminika, au kusimamisha titresheni pale rangi inapobadilika kwa tone moja. Mkono lazima ufanye.

Yule binti wa Rungwe, katika miezi yake minane, hakushika pipeti hata siku moja. Tulipokaa tukapitia alikopungukiwa, tukaona vitendo ndivyo vilivyomwangusha. Alijiandikisha kurisiti, yaani kurudia mtihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea, akawa anakwenda maabara kila Jumamosi hadi Mei. Kemia ikatoka C. Vile vyeti kumi na kimoja havikuwa vimempa hata nusu pointi.

Kabla hujalipa kituo cha kurisiti, iwe Mbeya, Iringa au Njombe, omba kuiona maabara kwa macho yako. Hesabu biureti. Uliza kila mwanafunzi atafanya vitendo mara ngapi kabla ya mtihani, na je, atafanya mwenyewe au atatazama wenzake watano wakifanya? Kituo kimoja nilichopeleka mwanafunzi kilikuwa na biureti mbili kwa vijana arobaini. Tulilipa, na hela haikurudi.

Nafasi ya tatu: Coursera na edX, kozi moja moja

Hizi ni nzuri kweli, na nazipenda. Majukwaa yote mawili yalianza 2012 na yanabeba masomo ya vyuo vikuu vikubwa. Swali ni nani azisome na lini.

Kijana aliyeko kwenye Stashahada ya Utabibu ndiye anayefaidika zaidi, kwa sababu anachosoma kule anakutana nacho kwenye moduli zake na kinaingia kwenye GPA. Chuo Kikuu cha Michigan kina mfululizo wa anatomia Coursera. Duke wana kozi ya fiziolojia ya mwili wa binadamu. Pennsylvania wana kozi fupi ya dalili muhimu za uhai, yaani mapigo ya moyo, presha, joto, upumuaji, na hii ningeipendekeza kwa yeyote anayeanza kwenda wodini. Kwa kidato cha sita, kozi ya utangulizi wa Baiolojia ya MIT kwenye edX, inayofundishwa na Eric Lander, ni ngumu lakini itakufungua kwenye jenetiki. Na Stanford wana kozi ya uandishi wa kisayansi itakayowasaidia wale ambao Kiingereza chao cha ripoti kinayumba.

Masomo mengi unaweza kuyatazama yote au sehemu yake bila kulipa, maana kinacholipiwa hasa ni cheti. Bei ya kawaida Coursera ni kama dola 49 kwa mwezi, yaani zaidi ya laki moja ya shilingi, na ni malipo yanayojirudia mpaka uyazime. Wazazi wengi hapa wanalipa kwa kadi ya mtandaoni wanayotengeneza kwenye menyu ya pesa ya simu, kisha wanasahau. Mwezi unaofuata hela inakatwa tena. Ukimaliza kozi, futa usajili siku hiyo hiyo.

Kama cheti unakihitaji kweli, Coursera wana msaada wa kifedha unaoombwa kozi kwa kozi. Unajaza kipato chako na sababu zako, kisha unasubiri siku kadhaa. Andika ukweli kwa maneno yako mwenyewe. Usinakili maelezo ya rafiki.

Nafasi ya nne: kozi za Shirika la Afya Duniani

Ni za bure, fupi, na nyingi zinatoa cheti bila malipo. Zilianza kwenye jukwaa la OpenWHO mwaka 2017. Zinamfaa anayejitolea kwenye zahanati au kituo cha afya, maana utaelewa kwa nini nesi ananawa mikono kwa utaratibu ule. Kwenye pointi hazikuongezei kitu. Soma moja au mbili wakati unasubiri majibu ya chuo.

Anayeomba nje ya nchi

Hapa mambo yanabadilika. Uingereza mwombaji wa udaktari anatuma kupitia UCAS, mfumo wao wa pamoja wa maombi ya vyuo, mwisho tarehe 15 Oktoba, na anaruhusiwa kuchagua kozi nne tu za udaktari. Kuna mtihani wa kuingilia udaktari uitwao UCAT na kuna usaili. Maelezo binafsi sasa yana maswali matatu, na mojawapo linauliza umejiandaa vipi nje ya darasa. Hapo kozi ya Coursera au ya FutureLearn, jukwaa jingine kama hilo, ina mahali pake. Lakini jina la kozi peke yake halitoshi. Watataka kusikia ulijifunza nini na kilikubadilishaje. Ukiweza kueleza jinsi somo la shinikizo la damu lilivyokufanya umwelewe bibi yako wa Kyela aliyekuwa akiacha dawa akijisikia nafuu, kozi hiyo moja imetosha.

Marekani kwa kawaida lazima uwe na shahada ya kwanza, na vyuo vingi vya udaktari kule havichukui wageni kabisa. Mtihani wa kuingilia ni MCAT, alama kuanzia 472 hadi 528, na Khan Academy wana masomo yake bure. Vyeti vya bure vya mtandaoni havichukui nafasi ya masomo ya lazima, maana hayo yanatakiwa yawe na alama kutoka chuo kinachotambulika. Popote uendapo, kwanza uliza TCU na Baraza la Madaktari Tanganyika kama shahada ya chuo hicho itatambuliwa ukirudi.

Usinunue

Usinunue furushi la vyeti kumi kwa bei ya viwili. Usimlipe wakala anayekuahidi kwamba "foundation" (kozi ya maandalizi) yake ya mtandaoni itakuingiza MD, mpaka akuonyeshe kwenye kitabu cha TCU, kwenye mstari wa MD wa chuo unachokitaka, jina la cheti hicho. Akikuonyesha gazeti au picha ya WhatsApp, ondoka. Na anayekuuzia udaktari wa kusomea kwenye simu mwanzo hadi mwisho anakuibia. MD hapa ni miaka 5, na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini baada ya hapo.

Ukiwa na elfu thelathini tu

Wengi mnaoniandikia mna kiasi hicho. Elfu kumi iwe bando la kupakua video za Khan Academy, kwanza kemia ya kaboni. Elfu kumi ikachape taarifa za NECTA za Kemia, nyeusi na nyeupe, pande mbili za karatasi, maana kwenye simu utazifunga ukipata ujumbe. Elfu kumi iliyobaki ni nauli ya daladala kwenda maabara Jumamosi. Chenji ikibaki, nunua karatasi za grafu. Vitendo vya Fizikia vinazila sana.