Kasha la mawe la Nanenane: chati safi sana, lakini "mfupa wa Dodoma" umenichefua

Nimelinunua Nzuguni, hapa Dodoma, siku ya mwisho ya maonesho ya wakulima, watu wakishaanza kukunja maturubai. Kijana alianzia 50,000, tukavutana mpaka 38,000. Ni kasha la mbao lililogawanywa vyumba kwa kadibodi: vipande tisa vya mawe, nakala tatu za plasta, na chati kubwa ya matabaka ya Tendaguru, kule Lindi. Nafundisha jiografia kidato cha tatu. Shuleni kwetu jiwe la kufundishia lilikuwa lile linalozuia mlango wa darasa usijifunge, kwa hiyo pesa ilitoka mfukoni mwangu.

Chati ndiyo iliyonilegeza. Aliyeichora anajua anachokifanya. Mjusi mkubwa aliyeko Berlin, yaani yule dinosaria aliyechimbwa Tendaguru, tunamjua wote, wabunge wameshauliza habari zake hapa hapa mjini si mara moja, lakini tunamjua kama mjusi tu, mrefu, basi. Hii chati inaonyesha alikolala. Kuna matabaka matatu yenye mifupa ya dinosaria, na katikati yake yamepita mawe ya mchanga yaliyojaa makombe na konokono wa baharini. Nchi kavu, bahari, nchi kavu, bahari tena, miaka kama milioni 150 iliyopita. Binti mmoja aliinua mkono: "Kwa hiyo mwalimu, mjusi alizama?" Tukamaliza kipindi kizima kwenye swali hilo, tope la pwani, maji kupwa na kujaa, mzoga kufukiwa kabla haujaoza wote. Darasa ambalo nusu yake hawajawahi kuiona bahari!

Pembeni wamechorwa wapagazi, maana uchimbaji wa Wajerumani wa 1909 hadi 1913 ulitegemea vichwa na mabega ya watu kufikisha mizigo bandarini Lindi. Jina la Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, limeandikwa kwa herufi zilezile za Janensch, bosi wa msafara. Hapo nimempa mchoraji maksi zote.

Mawe yenyewe ni mchanganyiko. Kipande cha chokaa ni kizuri: nilikidondoshea siki, kikatoa povu huku kikichemka kwa sauti ndogo, na wavulana wa nyuma wakasogea mbele bila kuitwa. Graniti nayo ni halisi, ila nimelipia jiwe ambalo limejaa nyuma ya vyoo vya shule.

Sasa kile chumba cha kona. Ndani yake kuna kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kahawia, na lebo: "Mfupa halisi wa dinosaria, Dodoma". Nilipomuuliza pale pale bandani, kijana akaapa, "Mwalimu, huu ni wa kwetu kabisa, umetoka porini huku." Mdogo wangu, pori lipi? Miamba mingi ya hapa Dodoma ni graniti na nais, ina zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, ilipoa au ikapikwa huko chini ardhini kabla hapajawa na mnyama yeyote mwenye mfupa. Ukitafuta dinosaria kwenye jabali la Mlimwa ni sawa na kutafuta samaki kwenye jiko la mkaa.

Nyumbani niliukwaruza kwa ukucha. Rangi ikatoka, chini ni unga mweupe. Plasta, kama zile nakala nyingine tatu, isipokuwa zile zimeandikwa wazi kuwa ni nakala na sina ugomvi nazo. Kombe lenye matuta limetoka vizuri mno, wanafunzi wanahesabu matuta kwa kidole. Na kusema kweli, ule mfupa ungekuwa halisi ningeogopa zaidi, kwa sababu masalia ya aina hiyo yanalindwa na sheria ya mambo ya kale ya 1964, si ya kupangwa mezani kama karanga.

Nyota tatu kati ya tano. Mbili na nusu ni za chati peke yake, na kama wangeiuza bila kasha ningechukua mbili, moja nibandike ofisini. Bawaba za kasha zimeshalegea, nimefunga kwa mpira. Ile lebo nimeibandua nikaandika PLASTA kwa maka peni. Kipande chenyewe sasa kinazunguka darasani, kila mwanafunzi anakikwaruza kwa zamu, na chumba chake naweka chaki.