Njumu za mabeki sokoni Memorial, Moshi: zipi za kuchukua kabla ya msimu wa vyuo

Makocha wa vyuo hubishana wiki nzima nani aanze namba 4 na nani namba 5, halafu njumu zinakumbukwa siku mbili kabla ya mechi. Kwa beki hilo ni kosa kubwa. Mshambuliaji akiteleza amepoteza mpira. Beki wa mwisho akiteleza, ni goli. Mtumba wa Memorial unatosha kuvisha safu nzima ya ulinzi vizuri, ila lazima ujue unachokitafuta, maana nusu ya kinachong'aa mezani pale hakifai kwa beki.

Tuanze na uwanja. Vyuo vikifungua Oktoba au Novemba, ardhi ya Moshi inatoka kiangazi: ngumu, nyasi haba, vumbi. Vuli ikishuka, juu panateleza huku chini bado pagumu. Kwa hali hiyo chukua soli yenye alama FG, meno ya duara yaliyoungana na soli. Alama hiyo huandikwa kwenye lebo ya ulimi au chini ya soli. Zenye SG, yaani meno 6 ya chuma ya kufungua, kwenye ardhi kavu hazizami. Uzito wote unasukumwa juu kwenye unyayo, na dakika ya 60 beki anacheza na malengelenge.

Nafasi ya kwanza kwa mabeki wa kati tunaipa adidas Copa Mundial. Ni kiatu kilichotengenezwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1982, na umbo lake halijabadilika sana: ngozi laini, kisigino kilichoshika, meno 12 ya duara. Beki wa kati anarudi kinyumenyume, anageuka, anaruka kupiga kichwa. Meno ya duara yanaachia ardhi mguu unapozunguka, goti halibaki limefungwa.

Lakini hapa ndipo wengi wanapigwa. Soli ya Copa Mundial ni ya poliyurethani, na malighafi hiyo huozeshwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikikaa ndani ya boksi. Ngozi inaweza kuonekana mpya kabisa, na soli ikasagika kama mkate mkavu siku ya kwanza ya mazoezi. Bonyeza kisigino kwa ukucha, kisha ukunje kiatu mbele, pale vidole vinapokunjika. Ukiona chembe zinadondoka au nyufa ndogondogo kama za matope yaliyokauka, rudisha mezani. Fundi hawezi kuokoa soli hiyo kwa sababu gundi haina pa kushika.

Ya pili ni Nike Tiempo ya ngozi. Soli yake ni plastiki ngumu, haisagiki hivyo, bali hupasuka katikati, kati ya meno ya mbele na ya kisigino. Ikunje ukiielekeza kwenye mwanga. Mstari mweupe unaokatiza soli ni mwanzo wa kupasuka. Kwa namba 6, kiungo mkabaji anayecheza mbele ya mabeki, mwenye mguu mpana, hii ndiyo tunayoipendelea kuliko zote. Puma King nayo ni kiatu kizuri cha beki wa kati, ukiipata nzima.

Mabeki wa pembeni, namba 2 na 3, wanataka wepesi, na wauzaji watawaonyesha Nike Mercurial zenye meno bapa. Meno hayo yanasukuma vizuri mbele, ila yanang'ang'ania nyasi ukigeuka ghafla kumfuata winga. Kwa beki anayepanda na kushuka, bora AG, yenye meno mengi mafupi, hasa uwanja ukiwa mgumu. TF, ile ya vijino vya mpira, ibaki ya mazoezi ya vumbini. Mvua ikinyesha haishiki.

Kuhusu saizi, usiangalie 42 pekee. Adidas 42 ni UK 8, Nike 42 ni UK 7.5. Tafuta sentimita kwenye lebo: zote mbili zitasoma 26.5. Pima mguu jioni, ukiwa na soksi ya mpira, kisigino ukutani, mpaka kidole kirefu zaidi. Ngozi hutanuka, kwa hiyo ichukue ikiwa imebana kidogo ubavuni. Soma lebo ya kushoto na ya kulia, maana pea za mtumba huchanganywa na tofauti ya nusu saizi haionekani kwa macho. Soli za ndani mara nyingi hazipo. Jaribu kiatu ukiwa umeweka utakayoitumia.

Wauzaji tunawasifu kwa kuruhusu kujaribu miguu yote miwili bila kununa. Tunacholaumu ni supagluu: baadhi huziba mdomo wa mbele na kupaka rangi nyeusi juu. Gundi hiyo ikikauka inakuwa kama kioo, ukikunja inakatika. Pitisha kidole ukingoni. Ukisikia ukingo mgumu unaokwaruza, punguza bei au acha.

Kiatu kilichoachia mbele tu kinatengenezeka. Fundi akwangue gundi ya zamani yote, apige msasa, apake gundi ya viatu pande zote mbili, asubiri kama dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo abane. Akipaka upande mmoja tu, itaachia. Kiache siku nzima kabla ya kushona ukingo wa mbele kwa uzi wa nailoni.

Vikinga ugoko ni lazima kwa Sheria ya 4 ya soka, na vifunikwe na soksi. Mabeki wa kati wachukue vyenye kinga ya kifundo.

Masika ya Machi hadi Mei, uwanja ukiloa mpaka chini, SG inapata kazi yake kwa beki wa kati na kipa. Kabla ya kulipa, fungua meno yote 6: jino lililoshikwa na kutu halitatoka tena, na lililolika likawa na ncha kali mwamuzi atalikataa.