Rivyu: RTL-SDR, kidude cha USB kilichonionyesha mawimbi kwa macho

Wadau, hiki kidude nimekaa nacho miezi minane sasa kwa hiyo naandika nikiwa nimeshakizoea, sio kukifungua leo na kukisifia leo leo. RTL-SDR ni kipokezi cha redio ambacho kazi kubwa inafanywa na programu kwenye kompyuta, na ukikiona utadhani ni flashi nene, ila mbele ina tundu la antena. Ndani chipu za maana ni mbili tu, R820T2 inayoshika masafa kuanzia kama MHz 24 mpaka 1766, na RTL2832U ya Realtek inayogeuza mawimbi kuwa namba (sampuli) na kuzisukuma kwenye laptopu. Kilitengenezwa kwa ajili ya kuangalizia TV kwenye kompyuta, ila mwaka 2012 watu wa programu huria wakagundua ile chipu inaweza kutoa sampuli zikiwa ghafi kabisa, na kuanzia hapo kikawa redio ya kusomea ambayo hata mwanafunzi akijibana anaipata.

Mi nimesoma telekom. Kichujio linganifu (kinachoikuza ishara juu ya kelele), Costas loop (nitaieleza chini), kurekebisha muda wa alama (kuchagua wakati sahihi wa kusoma kila alama inayobeba biti), vyote nilivisoma ubaoni na nikavijibu kwenye mtihani, lakini kusema ukweli nilikuwa nimekariri, sikuwahi kuona kitu kimoja kikitokea. Hapo ndipo hiki kidude kimenifaa kuliko hela yoyote niliyowahi kutoa kwenye mambo ya shule.

Chukua RDS, yaani yale maandishi yanayotokea kwenye redio ya gari, jina la stesheni na kadhalika. Yamefichwa ndani ya FM hiyo hiyo unayosikiliza kila siku, juu ya sauti, kwenye kHz 57, na yanakwenda biti 1187.5 kwa sekunde. Nikafungua GNU Radio, programu huria ya kuchakata mawimbi, nikachukua sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, nikachuja na kupunguza mara kumi zikabaki laki mbili na arobaini elfu (na hapo tu kelele iliyotawanyika inashuka kama desibeli 10, bure kabisa, kwa sababu umetupa masafa usiyoyahitaji), nikaifungua FM (yaani kutoa ishara iliyobebwa na wimbi lake), nikaivuta ile kHz 57 mpaka sifuri na kuipitisha kwenye kichujio linganifu. Kwenye grafu kila doa ni alama moja iliyopokelewa, kwa hiyo nikatarajia yajikusanye kama madoa mawili, moja kulia moja kushoto. Badala yake naona mduara!! Madoa yanazunguka taratibu kama feni inayokaribia kusimama, kama mara tatu kwa sekunde. Nikakaa nikapiga hesabu: kidude nilichokuwa nacho wakati ule saa yake ya ndani, ile inayopanga sampuli, ilikuwa imekosea sehemu kama 50 kwa milioni, na 50 kwa milioni ya 57,000 ni 2.85. Jamani, lile kosa la saa nilikuwa naliangalia kwa macho yangu!

Nikaongeza Costas loop. Kazi yake ni kuangalia kila alama imepinda kiasi gani kutoka kwenye mstari halafu kuizungusha irudi, kidogo kidogo, tena na tena. Ule mduara ukayumba, ukapungua kasi, ukasimama, na madoa mawili yakajikusanya pembeni yakatulia tuli. Baada ya muda jina la stesheni likaandikika kwenye skrini herufi mbili mbili. Nilimwita mke wangu saa tano usiku aje aone, na akaja, na akaelewa, maana kuzunguka na kusimama hakuhitaji digrii.

Sasa ushauri wa kununua. Kile cha kwanza nilikinunua duka fulani, hakina jina, bei ya chini sana, na ndicho hicho chenye saa mbovu. Kwenye RDS unaweza kuvumilia, ila ukipanda MHz 433.92 kwenye rimoti za mageti, 50 kwa milioni ni kHz 21 na ushee, na kikipata joto inahama tena, unatafuta ishara kama mtu aliyepoteza funguo gizani. Kwa hiyo ongeza hela uchukue chenye TCXO, yaani saa inayojirekebisha joto likibadilika, ya 1 kwa milioni, kwenye masafa hayo hayo kosa linabaki chini ya nusu kHz. Ninachotumia sasa ni cha namna hiyo na ganda lake ni la chuma, ambalo linapoza pia.

Mapungufu yapo. Sampuli zake ni biti 8, yaani ngazi 256 tu, kwa hiyo stesheni kubwa ya FM ikiwa jirani inazijaza zote na ishara ndogo inamezwa. Kichujio cha kuzuia MHz 88 mpaka 108 kinasaidia sana ukitaka masafa mengine. Halafu usitegemee kuangalia TV za dekoda zetu za antena, hizo ni DVB-T2 (mfumo mpya wa TV ya dijitali) na chipu hii inajua DVB-T ya zamani tu, na chaneli yenyewe ina upana wa MHz 8 wakati hapa unapata 2.4 za uhakika. Utaona kipande tu cha OFDM, yaani ile ishara ya TV yenyewe, kimenyooka juu kama meza, kizuri kuangalia lakini basi. Na kinapokea tu, hakirushi kitu.

Ukikipata, usikichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, tumia waya wa USB wa kurefusha maana laptopu yenyewe ina kelele zake. Linux italeta ubishi kidogo kwa sababu inadhani umechomeka TV, zima ile draiva yake kwanza. Na ukishachoka na FM kata waya wa sentimita 6.9, huo ni robo ya wimbi la MHz 1090 ambako ndege hujitangaza, usimamishe dirishani na ufungue dump1090, programu ya kuzisoma. Kila biti ya ndege ni maikrosekunde moja, sampuli mbili tu unazipata kwa kila biti, na bado mi huwa naiona ndege kwenye skrini kabla sijaisikia ikipita juu ya bati.