CZ 457 ya .22: bolti inanyanyuka nzito kidogo na bado naipenda

Wenye laiseni huku Nakuru mmekuwa mkiniuliza kuhusu hii bunduki yangu ya CZ 457 ya .22 ya shabaha, haya basi. Mtutu unapiga vizuri, magazini ya risasi 5 haisumbui, sefti (kufuli ya usalama) sasa unasukuma mbele ndio upige (455, ile iliyotangulia hii, ilikuwa unavuta nyuma). Mimi nataka niongee bolti, kile chuma chenye mkono unachofungulia na kufungia bunduki, kwa sababu hapo ndipo watu wanaionea hii bunduki.

Ukishapiga, ukiinua mkono wa bolti utasikia uzito. Hiyo si kasoro kabisa. Hii bunduki inajikoki wakati unafungua, yaani kwa bolti kuna mchongo umekatwa mshazari, ukizungusha unasukuma pini nyuma na springi inabanwa, halafu ukirudisha bolti mbele kuna kimeno cha triga kinaishika ile pini isifuate. Vuta triga, kimeno kinaachilia, pini inaruka inagonga risasi. Sasa 455 bolti ilikuwa inazunguka digrii 90, hii ni 60 tu, springi inabanwa kwa njia fupi zaidi kwa hivyo lazima mkono wako usikie. Lakini kwa sababu mkono wa bolti haupandi juu sana, darubini unaifunga chini kabisa na vidole havigongi, na hiyo kwangu ni kitu kubwa.

Ukienda dukani hakikisheni chemba (pale risasi inakaa tayari kupigwa) na magazini hazina kitu, uelekeze mtutu pahali salama, halafu inua bolti ikiwa imekokiwa. Inapanda laini. Ifunge, vuta triga, inua tena. Tofauti utakayosikia ni springi.

Wazee waliozoea Lee-Enfield ya .303, ile bunduki ya zamani ya jeshi la Waingereza, watalalamika zaidi, ile nayo ni digrii 60 lakini inajikoki ukisukuma bolti mbele kufunga, kuinua ni rahisi sana. Kwa kupiga haraka haraka ile bado ni moto. Mimi nikilala chini nalenga nataka kufunga ndio kuwe kwepesi, bunduki isinihame, hapo 457 inashinda.

Shida ni vumbi. Msimu wa kuvuna ngano huku Njoro linashikana na mafuta kwa ule mchongo mpaka bolti inakwaruza, na wengi wanaongeza mafuta, inakuwa mbaya zaidi. Pangusa mpaka ikauke, paka girisi kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti hapo kwa mchongo peke yake, fungua na kufunga mara kadhaa ienee.

Nyota 4 kwa 5. Moja nimeikata kwa sababu anayeanza kujifunza huhangaika na huo uzito na kuondoa jicho kwa darubini kila akikoki.