Nimemaliza kozi ya NP ya watu wazima na wazee: uzoefu wangu, Minnesota

Nilipokuwa natafuta habari za kozi hii kabla ya kuingia, kwa Kiswahili nilipata majibu ya aina mbili tu: "ingia, ina pesa" na "ni ngumu, usijisumbue." Hakuna aliyenieleza kinachofundishwa, wala mahali mtu anapokwama. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tumejaa kwenye makao ya wazee huku Minnesota, wengine wakiwa wasaidizi wa wauguzi, wengine manesi kamili, na kila wiki kuna mwenzangu anayeniuliza kama arudi shule. Jibu langu ni hili: kozi hii ningeirudia tena. Chuo nilichosomea singekirudia, na sababu nitaitaja.

Mimi ni mtoto wa Mombasa. Diploma ya uuguzi niliisomea KMTC, chuo cha serikali ya Kenya cha mafunzo ya afya, nikafanya kazi wodini, kisha nikahamia Marekani. Vyeti vyangu vilipitia CGFNS, shirika linalokagua vyeti vya manesi waliosomea nje, nikafanya mtihani wa leseni ya unesi, NCLEX-RN, nikaajiriwa kwenye makao ya wazee, zamu ya usiku. Digrii ya kwanza nikaimalizia hukuhuku. Mwaka 2022, msimu wa vuli, nikaanza shahada ya uzamili, huku nikiendelea na kazi siku tatu kwa wiki.

Kwa asiyejua, NP, yaani nurse practitioner, ni nesi aliyesoma uzamili au udaktari wa uuguzi akaruhusiwa kumpima mgonjwa, kutambua ugonjwa, kuagiza vipimo, kuandika dawa na kumfuatilia. Nyumbani, anayekaribiana naye ni afisa tabibu, ila NP lazima kwanza awe nesi. Kazi hii ilianzia Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965, ikianzishwa na nesi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver. Ford alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 104, nami nikiwa mwaka wa mwisho. Mwalimu wetu alisimamisha somo siku hiyo, akatusimulia habari za mama huyo kwa karibu saa nzima, na sijaona dakika bora kuliko hizo katika kozi yote. Ford alianza na watoto wa vijijini. Tawi letu linashika upande wa pili wa umri: kuanzia vijana waliobaleghe hadi wazee wa miaka mia. Zamani watu wazima na wazee walikuwa matawi mawili, kila moja na cheti chake. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2008 ndio uliowaunganisha.

Mwaka wa kwanza una masomo matatu ambayo kila mwanafunzi wa NP hupitia: pathofiziolojia (jinsi ugonjwa unavyouvuruga mwili), famakolojia (elimu ya dawa), na uchunguzi wa mwili. Famakolojia ndiyo iliyonitoa jasho. Kama nesi nilizoea kutoa dawa iliyoandikwa na mwingine. Hapa unaulizwa kwa nini umeiandika, kwa kipimo hicho, kwa mtu huyu. Chukua apiksabani, dawa ya kuzuia damu isigande kwa mgonjwa ambaye moyo wake unapiga bila mpangilio. Kipimo cha kawaida ni miligramu 5 mara mbili kwa siku. Lakini akiwa na mambo mawili kati ya haya matatu: umri wa miaka 80 au zaidi, uzito wa kilo 60 au chini, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) 1.5 au zaidi, anashushwa hadi miligramu 2.5. Nimewapa wazee dawa hiyo miaka mingi bila kuwahi kuulizwa hesabu hiyo. Usiku nikiwa kazini nikaanza kusoma mafaili kwa macho mengine.

Uchunguzi wa mwili ulifundishwa vizuri sana. Tulifanyia mazoezi kwa watu wanaolipwa kuigiza wagonjwa, tunarekodiwa, kisha mwalimu anakaa nawe mnatazama ulivyoshika stethoskopu na ulivyomkatiza mgonjwa asimalize kueleza. Kujitazama ukimkatiza mtu ni somo tosha.

Sasa nije kwenye kidonda. Mwaka 2022 viwango vya kitaifa vya mafunzo ya NP vilipandishwa, saa za kumwona mgonjwa ana kwa ana zikatoka 500 hadi 750. Jambo hilo naliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu hata hizo 750 nilimaliza nikiona bado ni chache. Tatizo ni pa kuzipatia. Mwanafunzi lazima awe chini ya msimamizi, ama NP ama daktari, anayekubali umfuate chumba kwa chumba. Siku ya kujiunga chuo changu kiliniambia, "tutakusaidia kupata nafasi." Muhula ulipokaribia nikatumiwa orodha ya kliniki ambazo nyingi hazipokei wanafunzi tena, na ujumbe kwamba nisipopata msimamizi nitasubiri muhula unaofuata.

Niliandika barua pepe zaidi ya sitini. Nilibisha hodi kwenye kliniki nikiwa na wasifu wangu mkononi, theluji imenifika vifundoni. Wengi hawakujibu. Wengine walijibu kwa upole kwamba wana wanafunzi wa vyuo vya jirani ambavyo vimeandikiana nao mkataba. Hapo ndipo nilipoelewa: vyuo vyenye mikataba huchukua nafasi mapema, na mwanafunzi wa chuo kisicho na mikataba huachwa ahangaike peke yake. Kuna hata kampuni zinazokuuzia msimamizi, ukalipa kwa saa. Nililipa mara moja, pesa nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya karo ya mdogo wangu. Muhula mmoja nikaukosa kabisa. Mtu akilipa karo ya chuo, kutafutiwa mahali pa kujifunzia kazi ni haki yake, na nasema hivyo bila kutafuna maneno.

Lawama yangu ya pili ni kuhusu neno "wazee" lililo kwenye jina la kozi. Katika chuo chetu mtu aliweza kumaliza saa zake zote kwenye kliniki ya kawaida, akiona mafua, presha na maumivu ya mgongo, asikanyage makao ya wazee hata siku moja. Wapo waliohitimu hivyo. Mimi niliomba mwenyewe saa 240 kwa NP anayezunguka makao ya wazee, na ni huko nilikojifunza kazi.

NP huyo, mama aliyekuwa mkufunzi wangu, alinifundisha kupunguza dawa. Shuleni tunafundishwa kuongeza: dalili hii, dawa hii. Kwa mzee mara nyingi tiba ni kuondoa. Tulimpokea mzee wa miaka 78 aliyekuwa anaanguka usiku, na binti yake analalamika kwamba baba ameanza kuchanganyikiwa. Ana dawa kumi na nne. Mkufunzi wangu akaniambia nizipange kwa tarehe zilivyoanzishwa, si kwa ugonjwa. Nilipozipanga hadithi ikajitokeza yenyewe. Alianza amlodipini ya presha, miguu ikavimba. Kwa uvimbe akapewa furosemaidi, akawa anakojoa usiku kucha. Kwa mkojo akapewa oksibutinini, na hiyo kwa mzee huvuruga akili na kumbukumbu. Akiamka gizani kwenda chooni, kichwa kizito, ndipo anapoanguka. Dawa ya kwanza ilibadilishwa, mbili zilizofuata zikaondolewa moja baada ya nyingine. Baada ya majuma machache binti yake alitukuta mlangoni, akanishika mikono miwili asiseme kitu.

Kwa kazi hii tunatumia orodha ya Beers, iliyoanzishwa mwaka 1991 na daktari Mark Beers, ambayo sasa hutunzwa na chama cha Marekani cha madaktari wa wazee. Toleo ninalotumia ni la 2023. Inataja dawa ambazo mzee ni afadhali aziepuke. Kati yake imo difenihidramini, ile ya mzio na usingizi inayouzwa dukani bila karatasi ya daktari. Hii waambieni wazazi wenu wanaokuja kutembea majuu, maana nimeikuta kwenye mikoba ya kina mama wetu mara nyingi.

Kuna siku moja ambayo nitaikumbuka kuliko mtihani wowote. Kliniki aliletwa bibi mmoja wa pwani, miaka 81, anakaa kwa bintiye. Familia iliogopa kwamba ameanza ugonjwa wa kusahau. Mkufunzi alifanya kipimo kifupi kiitwacho Mini-Cog: unampa mtu maneno matatu ayashike, unamwambia achore uso wa saa aweke mishale kwenye saa fulani, kisha unamwomba ayarudie maneno. Kila neno alama moja, saa iliyochorwa sawa alama mbili, jumla tano. Chini ya tatu unapaswa kuchunguza zaidi. Saa inayotumika ni ile ambayo Waingereza na Wamarekani huihesabu kuwa kumi na moja na dakika kumi.

Mkalimani alikuwa kwenye simu. Akamwambia bibi: "Weka saa kumi na moja na dakika kumi." Bibi akachora duara safi, namba zote mahali pake, mshale mfupi kwenye 5, mrefu kwenye 2. Akakumbuka maneno mawili. Mkufunzi akaandika saa: sifuri. Jumla mbili.

Nikamwomba ruhusa nizungumze. Nikamweleza kwamba kwetu siku huanza kuhesabiwa alfajiri, kwamba saa kumi na moja ya jioni ndiyo ambayo uso wa saa huonyesha 5, na kwamba bibi ametii alichoambiwa bila kukosea hata nukta. Nikamgeukia bibi. "Shikamoo bibi. Nichoree nyingine tafadhali, saa tano na dakika kumi." Akasema marahaba, akaniuliza ni mtoto wa nani Mombasa, na mkono wake ukaweka mshale mfupi kwenye 11 na mrefu kwenye 2. Alama nne.

Nilipotoka chumbani miguu ilikuwa inatetemeka. Bibi alikuwa hasikii vizuri sikio moja, limeziba kwa nta, na alikuwa na huzuni tangu aache mtaa wake. Hayo ndiyo yaliyotibiwa. Mkufunzi aliandika kwenye faili lake, kwa herufi kubwa, jinsi mgonjwa huyu anavyohesabu saa. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kuona lafudhi yangu kama kitu cha kuficha kliniki.

Mtihani wa cheti sitauzungumzia sana. Kuna mashirika mawili, na kila jimbo linayakubali yote mawili. ANCC ina maswali 175 kwa saa tatu na nusu, na huchanganya utafiti na sera. AANPCB ina maswali 150 kwa saa tatu, karibu yote ya mgonjwa na tiba. Nilichagua la pili, nikapita mara ya kwanza. Cheti hudumu miaka mitano.

Kuhusu ajira muwe waangalifu. NP wa familia huona kila umri, kwa hiyo kliniki ndogo nyingi humtanguliza yeye. Sisi haturuhusiwi kutibu watoto wadogo. Ukitaka kliniki ya mtaa yenye mama na mtoto mchanga, usisome tawi hili. Lakini makao ya wazee yanatuhitaji. Sheria ya shirikisho inataka mkaaji aonwe angalau kila siku 30 katika siku 90 za mwanzo, baadaye kila siku 60, na baada ya ziara ya kwanza ya daktari NP anaweza kupokezana naye. Mimi sasa nazunguka majengo manne na sijawahi kukaa bila wagonjwa. Sheria za majimbo nazo hutofautiana. Minnesota, tangu Januari 2015, NP mpya hufanya saa 2,080 kwa ushirikiano na wenye uzoefu, kisha anajitegemea. Texas utahitaji mkataba na daktari ili kuandika dawa, hata uwe na uzoefu wa miaka ishirini.

Anayetaka kuingia, naomba afanye jambo moja kabla ya kutuma maombi. Pigia chuo simu, si barua pepe, uongee na mratibu wa mafunzo ya kliniki mwenyewe. Muulize chuo kina mikataba na kliniki ngapi katika mji unaokaa. Muulize ni saa ngapi kati ya 750 ambazo lazima zifanyike kwa wazee, na wapi. Muulize ni wanafunzi wangapi mwaka jana walichelewa kuhitimu kwa kukosa msimamizi. Halafu muulize kama chuo kinahakikisha nafasi au "kinasaidia" tu, na hilo la mwisho akujibu kwa maandishi, kabla hujalipa hata senti.