TAHADHARI: Sensa za oksijeni zilizotumika zinapakwa rangi na kuuzwa kama mpya

Wakuu, salamu kwenu. Naandika kwa ajili ya wenye magari ya umri mkubwa, hasa ambao taa ya injini imewaka na wameanza kuulizia mitandaoni sensa ya oksijeni, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Kuna muuzaji anayejitangaza kuwa anauza sensa mpya za kampuni zinazojulikana, zikiwa kwenye boksi na zina dhamana. Wateja wameniletea sensa alizowauzia ili niwafungie. Nilizozishika zilikuwa zimeng'olewa kwenye magari mengine, zikasuguliwa kwa brashi ya waya, zikapuliziwa rangi ya fedha na kutiwa kwenye boksi jipya. Jina lake silitaji, maana akibanwa anabadilisha jina la ukurasa na kuendelea, na mchezo huu hauchezwi na yeye peke yake. Nataka mjue unavyochezwa.

Unaanza na swali dogo: mashine imesoma kodi gani, yaani namba ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari? Ukimtajia P0133, P0135, P0141, au hata P0171 na P0420, jibu lake ni lile lile. Sensa zimekufa, na kwa gari la umri huo ubadilishe zote, ya juu (iliyo kabla ya masega, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi) na ya chini (iliyo baada yake). Haulizi injini ipi. Haulizi namba iliyochongwa kwenye sensa ya zamani, wala gari linasumbua vipi likiwa njiani. Kisha anakutia hofu kwamba ukichelewa masega yataungua, anataka hela yote kwanza, na chini ya risiti kuna mstari wa maandishi madogo unaosema spea za umeme zikishafungwa hazirudishwi.

Hatua inayofuata ndiyo inayowanasa wengi. Fundi anayekuelekeza kwake anafunga sensa, anafuta kodi kwa mashine, taa inazimika. Lakini taa ile ingezimika hata asingefunga kitu. Kompyuta ya gari ikifutiwa kumbukumbu huanza kujipima upya, na hitilafu nyingi za upande huu haziwashi taa mpaka zionekane katika safari mbili mfululizo zilizotimiza masharti ya kipimo: injini iwashwe ikiwa imepoa, ipate moto sawasawa, gari liende mwendo wa kutulia kwa muda. Kipimo cha masega ni miongoni mwa vinavyochelewa zaidi. Basi unaondoka dashibodi ikiwa safi, unamwandikia maoni mazuri kwenye ukurasa wake kwa moyo mweupe, na taa inarudi siku kadhaa baadaye. Sifa nyingi mnazozisoma pale ziliandikwa katika kipindi hicho cha katikati.

Ukitaka kumkamata mtu wa namna hii, mashine nyingi za kusoma kodi, hata zile ndogo za Bluetooth, zina ukurasa unaoonyesha vipimo vya kompyuta vilivyokamilika na ambavyo bado. Vingi vikiwa bado, kodi zimefutwa karibuni au betri ilichomolewa. Hili liwasaidie pia wanaonunua gari lililotumika. Na kabla ya kuwasha injini, fungua swichi tu na utazame: taa ya injini lazima iwake, kisha izimike injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa, aidha taa yenyewe ni mbovu au kuna mtu ameizima makusudi.

Sasa kodi zenyewe, maana humo ndimo hela zinamoibiwa. P0135 inahusu hita (kipasha joto cha ndani) ya sensa ya kwanza, iliyo kabla ya masega, upande wa silinda namba moja. P0141 ni hita ya sensa ya pili, iliyo baada ya masega. Zikija zote mbili kwa pamoja, kabla ya kumtafuta muuzaji yeyote tazama fyuzi. Kwenye magari mengi hita hizo zinakula umeme wa fyuzi moja, na kuungua kwa fyuzi ni jambo la kawaida kuliko sensa mbili kufa siku moja. P0133 inasema sensa inajibu polepole, na kwa gari lililotembea sana hiyo inaweza kuwa sensa kweli. P0420 inazungumzia masega. Sensa ya chini inaweza kusingiziwa, lakini mara nyingi inaripoti tu inachokiona.

P0171 ndiyo inayoniuma. Maana yake injini inapata hewa nyingi kuliko inavyotakiwa kwa mafuta yaliyopo, na aliyetoa taarifa hiyo ni sensa ya oksijeni. Kuna mama mmoja aliuziwa sensa mbili kwa kodi hiyo. Gari likaja kwangu na sensa "mpya", kodi ile ile, na sasa linazimika kwenye foleni. Tatizo lilikuwa mpira unaotoka kwenye eakilina (kichujio cha hewa) kwenda kwenye injini. Ulikuwa umepasuka kwa chini, mahali ambapo huoni mpaka uukunje kwa mkono. Hewa iliyokuwa inaingia pale haikupita kwenye sensa ya kupima hewa, kwa hiyo kompyuta haikuihesabu. Sensa yake ya zamani ilikuwa inasema kweli siku zote, nayo ndiyo iliyong'olewa na kutupwa. Aliyemuuzia alijua maana ya P0171. Mtu anayeuza sensa kila siku hawezi kusema haijui.

Kabla ya kuihukumu sensa, sikiliza kama ekzosi inavuja mahali popote kabla ya sensa, maana ufa mdogo unavuta hewa ya nje na sensa inadhani mafuta ni machache. Gari lenye misi nalo linadanganya kwa njia hiyo hiyo: silinda isiyochoma inatoa oksijeni ambayo haikutumika, sensa inaisoma, kompyuta inaongeza mafuta, na mwenye gari anaambiwa sensa ndiyo inayokula mafuta. Mipira ya hewa, plagi, presha ya mafuta na sensa ya hewa iliyochafuka vyote vikaguliwe kwanza.

Kupima sensa yenyewe si kazi ya kichawi. Chomoa soketi ikiwa imepoa, tafuta waya mbili za hita (kwenye sensa nyingi za waya nne ni zile mbili zenye rangi moja), na upime ukinzani kati yake. Kwa kawaida utakuta omu chache hadi kumi na kitu, na kitabu cha gari lako kitakupa kipimo kamili. Mita isiposoma chochote, hita imekatika. Ikisoma vizuri, kapime upande wa gari kama umeme wa betri unafika kwenye soketi injini ikiwa inanguruma. Waya wa ishara, ule unaopeleka usomaji kwenye kompyuta, usiupime kwa omu wala usiupelekee umeme, utaiua sensa iliyo nzima. Huo unasomwa volti tu, kwa mita ya dijitali au kwa mashine inayoonyesha data wakati injini inafanya kazi.

Injini ikishapata moto, iweke kwenye mizunguko kama 2,500 kwa dakika. Sensa ya juu ya aina ya kawaida, ile ya zirkonia, inatakiwa ipande na kushuka kati ya takriban volti 0.1 na 0.9, mara kadhaa ndani ya sekunde 10. Katikati ni kama 0.45, na hapo ndipo uwiano wa petroli unapokuwa hewa 14.7 kwa mafuta 1 kwa uzito. Ya chini, masega yakiwa mazima, inatulia bila kurukaruka. Ya juu ikiganda chini, usiseme imekufa. Mpe injini gesi kidogo ya kupikia kwenye njia ya hewa, nje, mbali na moto wowote, na awepo mtu anayejua anachofanya. Ikiruka hadi karibu 0.9 mara moja, sensa ni nzima na kosa liko kwingine. Chomoa mpira mdogo wa hewa, nayo ishuke papo hapo. Ikijivuta au isiposogea kabisa, hapo una sababu ya kununua.

Ukinunua, iangalie kabla haijagusa gari. Ncha ya sensa mpya ni chuma safi chenye rangi moja. Iliyowahi kufanya kazi inabadilika rangi kwa moto, ikawa ya bluu au kahawia, na rangi ya kupulizia haiwezi kuingia sawasawa ndani ya vile vitundu vya ncha. Chungulia kwa tochi: masizi meusi, unga mweupe au ukoko wa kahawia ndani yake ni historia ya injini nyingine. Tazama kona za nati kama kuna alama za spana. Tazama pini za soketi kama zina mikwaruzo ya kuchomekwa, na klipu yake kama imelegea. Waya zinyooshe, za zamani zimekakamaa kwa joto. Namba ya kiwandani kwa kawaida huchongwa kwenye chuma, kwa hiyo ikiwa imesuguliwa, au imeandikwa kwenye boksi tu, rudisha. Itikise karibu na sikio, na ikicheza ndani, kauri imevunjika. Zile za mteja mmoja zilitoa moshi na harufu ya rangi mara tu ekzosi ilipopata moto.

Zipo nyingine ambazo ni mpya kweli lakini ni feki, zimetengenezwa kuigiza. Hizo macho hayatoshi, inabidi mita. Pima omu za hita kabla ya kufunga na ulinganishe na kitabu. Kama dukani hawakuruhusu kupima, hapo hapafai.

Jambo jingine linalowapoteza watu ni kudhani kila sensa ya waya nne ni sawa na nyingine. Toyota nyingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 zina sensa ya juu ya kupima uwiano wa hewa na mafuta. Nayo ina waya nne na kwa umbo inafanana na ya kawaida, lakini kazi yake ni tofauti kabisa na kompyuta haitaielewa ile ya kawaida. Volti nilizotaja hapo juu haziihusu. Na magari ya zamani zaidi yana sensa ya waya mmoja isiyo na hita, kama zile za mwanzo zilizotoka kwa Bosch kwenye Volvo mwaka 1976. Hizo zinasubiri joto la ekzosi lifike karibu nyuzi 300 za Selsiasi ndipo zianze kusoma, na hasi yake inapita kwenye mwili wa bomba, kwa hiyo kutu kwenye nyuzi zake za kukazia inatosha kuharibu usomaji. Anayekwambia "hii inaingia gari lolote, unakata tu waya na kuunga" muulize namba. Waya za sensa nyingi huachwa zipitishe hewa ya nje inayotumika kama kipimo cha kulinganishia, hivyo kuzijaza risasi ya kuchomelea kunaweza kuiziba. Zikilazimika kuungwa, zibanwe kwa viunganishi vyake.

Kuna na wale wasiouza sensa, wanaouza kipande cha chuma cha kuisogeza sensa ya chini nje ya njia ya moshi ili kompyuta idanganyike kwamba masega ni mazima. Taa inazima, ugonjwa unabaki, na siku masega yakiziba injini inakosa nguvu bila kukwambia sababu. Mwingine atakushauri uyatoe masega kabisa na "akusaidie kuyatupa". Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wapo wanaoyanunua. Kitu chako kikitolewa kwenye gari, ondoka nacho.

Kwa fundi atakayefunga iliyo halali: ing'oe ekzosi ikiwa ya uvuguvugu, si ya kuunguza, kwa soketi ya 22 iliyokatwa ubavuni kupitisha waya, na dawa ya kutu iwe imekaa kwa muda. Nyuzi za kukazia za sensa nyingi mpya zinakuja na grisi yake, na ikibidi kuongeza, isiguse ncha kamwe. Silikoni ya kuzibia gaskiti, isipokuwa iliyoandikwa kuwa salama kwa sensa, inaiua mpya kwa mvuke wake tu. Waya usizizungushe wala kuziacha zilalie bomba.

Kama umeshanunua kwa muuzaji wa aina hii na bado hujafunga, usifunge. Piga picha ncha, nati, soketi na boksi kwenye mwanga wa jua, na hifadhi mazungumzo yote, hasa pale alipoandika neno "mpya". Kama ulilipa kupitia jukwaa lenye utaratibu wa malalamiko, fungua lalamiko kabla muda wake haujapita, maana hawa wanakupigisha tarehe makusudi: leo mzigo wa kubadilisha uko njiani, kesho msimamizi amesafiri. Kama imeshafungwa, usimkubali fundi wake afute kodi tena. Waombe wasome kwanza, upige picha ya kioo cha mashine, na sensa yako ya zamani idai irudi mkononi mwako, kwa sababu huenda ndiyo inayofuata kupakwa rangi.